Hata Mimi Nilikuwa Hivyo

Miezi michache iliyopita nilimpeleka mjukuu wangu kliniki Mandewa kupimwa uzito. Mbele yangu alikaa binti mwenye mtoto mchanga, pamoja na mama mkwe wake. Mtoto alipolia, binti alibaki anatazama ukuta. Mkwe ndiye aliyembembeleza.

Nesi alimsifu mtoto kwa kuongezeka uzito. Binti akaanza kulia.

"Kuna nini, mama?" nesi akauliza.

"Sijui. Tangu nijifungue nalia tu. Nikimbeba naona kama ni wa mtu mwingine."

Mwanamke mmoja kwenye benchi akaguna. "Wasichana wa siku hizi wanadeka."

Nilidhani mkwe angemuunga mkono. Badala yake akajifunga khanga vizuri, akasema taratibu, "Hata mimi nilikuwa hivyo nilipomzaa baba yake huyu. Sikumwambia mtu."

Binti akageuka. "Ikaisha, mama?"

"Iliisha. Dada yangu alikuwa akimchukua mtoto asubuhi, mimi nalala. Na wewe utalala. Hujakosa kitu."

Nesi akampeleka binti kwa daktari, mkwe akaingia naye. Mimi nikabaki nikiwaza: Kila mwezi tunampima mtoto. Mama yake tunamsalimia tu.

Juzi nimewakuta sokoni, kwenye mitumba iliyojaa siku hizi. Binti, mtoto mgongoni, aliniamkia. Mkwe akachagua sweta ya bluu. Binti akairudisha.

"Hiyo haimpendezi mwanangu."

Mkwe akanigeukia, uso umemchangamka. "Umesikia? Ameanza kunibishia."