Ndoto za Nyuma ya Kabati

Kampuni ya simu imetangaza kwamba mtambo wake mpya, ulioko makao makuu, sasa unaitambua kila simu ya nyumbani isiyo na kichujio, au yenye kichujio kibovu, bila fundi kubisha hodi. Kichujio, tangazo liliwaeleza wasiojua, ni kijisanduku kama kiberiti kinachokaa kati ya simu na tundu lake ukutani, ili mazungumzo na intaneti, vinavyopita kwenye waya mmoja, visikanyagane. Simu ikikosa kijisanduku hicho, mkonga wake ukiinuliwa tu, intaneti ya nyumba nzima inaanguka. Tangazo lilimalizia kwa sentensi ambayo mkurugenzi aliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti kubwa zaidi: kampuni sasa inazijua simu zilizomo ndani ya nyumba ya mteja kuliko mteja mwenyewe.

Hatuna sababu ya kulitilia shaka. Tulipokee kama lilivyo, twende nyumbani kwa Mama Ndoto.

Mama Ndoto hakuzaliwa na jina hilo. Maisha yake yote ya kazi alikuwa opereta wa simu katika ofisi kubwa, ameketi kwenye chumba kisicho na dirisha mbele ya ubao wenye matundu mengi, akiwaunganisha wakubwa na wadogo, na wadogo na wake zao. Neno lake lilikuwa "Subiri, nakuunganisha," na alilitamka kwa sauti ya mtu anayekupeleka mbele ya Muumba, ingawa mara nyingi alikuwa anakupeleka idara ya manunuzi. Kanuni ilisema opereta akishaunganisha anyamaze na aondoke kwenye laini. Kunyamaza alinyamaza. Kuhusu kuondoka, kanuni haikuwa na njia ya kuhakikisha. Alijua nani anahamishwa kabla anayehamishwa hajajua, na safari moja kabla ya anayehamisha.

Alipostaafu, ofisi ilimpa saa ya ukutani. Simu yake ya mezani, nyeusi na nzito kiasi cha kuzuia mlango usibamizwe na upepo, alijipa mwenyewe.

Nyumbani kulikuwa na tundu la simu chumbani kwake, alilowekewa na marehemu mumewe enzi hizo. Kabati la nguo lilikuwa limelifunika kwa muda mrefu hivi kwamba hata mwanawe aliyekulia humo alikuwa amelisahau. Mama alilivuta kabati kidogo, akachomeka simu yake, akaizima kengele kwa kuisokomeza soksi, akaweka kigoda. Nafasi iliyobaki kati ya kabati na ukuta ilimtosha mtu mwembamba mwenye subira. Yeye alikuwa vyote viwili.

Tangu hapo akaanza kuota.

Alikuwa akienda kulala mchana, hasa simu ya sebuleni inapoita, na akiamka anatoka na habari. "Nimeota shemeji yenu kagombana na mwenye nyumba wake." Kesho yake shemeji anafika na mabegi. "Nimeota mtu ananiletea kitambaa, lakini ni cha zambarau, na zambarau siipendi." Zawadi ya zambarau ikabadilishwa dukani kabla haijafungwa. Ukoo mzima ukawa hauchumbii, hauhami wala haununui kochi kabla hajalala kwanza. Wakwe wa mbali walikuwa wakipiga simu kuuliza Mama ameota nini, na jibu walilipata kwa haraka ya ajabu, maana swali lenyewe alikuwa ameshalisikia.

Ndipo ikaja intaneti.

Ililetwa kwa ajili ya mke wa mwanawe, fundi cherehani aliyekuwa akifundisha ushonaji kwa njia ya video. Watu wa kampuni walipofunga vifaa waliuliza nyumba ina simu ngapi. Mwanawe, ambaye alikuwa mkaguzi wa mizani na mtu asiyekisia, alitazama huku na huku, akahesabu, akajibu, "Moja." Wakampa kichujio kimoja, kikafungwa kwenye simu ya sebuleni. Mama alikuwa jikoni, anasikiliza. Hakuwa na la kuongeza.

Kuanzia siku hiyo nyumba ikapata magonjwa mawili, na hakuna aliyedhani ni ugonjwa mmoja.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa wa intaneti. Mkaguzi wa mizani akiwa sebuleni anaongea na dada yake kwa simu, ghafla picha ya mkewe inaganda kwenye skrini za wanafunzi, mkasi umeshaingia kwenye kitambaa. Darasa zima lilikuwa na kola za upande mmoja. Mwanafunzi mmoja alikaa akimtazama mwalimu aliyeganda akiwa amefumba macho, akadhani ni dua, naye akafumba.

Ugonjwa wa pili ulikuwa wa ndoto. Kule nyuma ya kabati, kila Mama alipoinua mkonga, alikutana na mvumo kama wa mtu anayekaanga vitunguu sikioni mwake. Ndani ya vitunguu hivyo maneno yalielea kwa vipande.

"Nimeota mpwa wenu kapata kitu," alitangaza siku moja mezani, akisitasita. "Sikukiona vizuri. Kinampa furaha, lakini kinamnyima usingizi. Ni mtoto au pikipiki."

Kilikuwa cheo.

Wiki iliyofuata akaota msiba ambao uligeuka kuwa uhamisho, na safari ambayo haikutokea kabisa. Watu wakaanza kutazamana. Shemeji yule wa mabegi alihama bila kumuuliza. Hilo lilimuuma kuliko mguu wake wenye baridi yabisi.

"Mama amechoka," mwanawe alimwambia mkewe.

"Nani asiyechoka?" mkewe akajibu. "Mimi nina kola ishirini zisizo na wenzao."

Na hapo ndipo jambo lenyewe lilipoanza. Mkaguzi wa mizani na dada yake walianza kuzungumza, kwa simu, kuhusu kumhamishia Mama kwa huyo dada. Chumba chake kingekuwa karakana ya kushonea, naye angetunzwa. Mama alilipata hilo kwa vipande: "…Mama… chumba cha nyuma… kabla ya mwisho wa mwezi…" kisha vitunguu. Jambo moja alilijua bila kuota. Kwa bintiye hakukuwa na simu ya mezani. Kulikuwa na simu za mkononi tu, na simu za mkononi hazina nyuma ya kabati.

Wakati huo huo mtambo wa makao makuu ulikuwa unatuma ujumbe: *Mteja mpendwa, simu moja nyumbani kwako haina kichujio.* Mkaguzi wa mizani alinunua kichujio kipya, akabadilisha. Ujumbe ukaja tena. Akanunua kingine, akakiunga nyuma ya kile cha kwanza, halafu cha tatu nyuma ya cha pili, mpaka simu ya sebuleni ikawa inavuta mabehewa. Ujumbe ukaja.

"Mtambo hauwezi kuhesabu mpaka moja!" alifoka. Kwa mtu wa taaluma yake, hilo lilikuwa tusi zito. Akaita fundi.

Fundi aliyekuja alijulikana mjini kwa jina la Pole, kwa sababu ndilo neno lake la kwanza kila mlangoni, kabla hata ya kuambiwa tatizo.

"Poleni," alisema.

"Tumeshapoa," mke wa mkaguzi alimjibu, tepu ya kupimia shingoni. "Ingia."

"Simu ziko ngapi humu ndani?"

"Moja!" mume na mke walijibu kwa pamoja.

Pole alitikisa kichwa taratibu. Alikuwa ameshaona simu kwenye mabanda ya kuku na nyingine ndani ya kiatu. Lakini alikuwa pia ameshauona mtambo ukikosea, kwa hiyo hakumwamini mtu wala chuma. Aliondoa mabehewa mawili, akakagua lililobaki, likawa zima. Akainua mkonga wa sebuleni, intaneti haikutingishika.

"Huwa inaanguka wakati gani?"

"Mama akienda kulala," alisema mkaguzi.

"Mama akilala intaneti inakatika?"

"Tumelifanyia utafiti. Ana ubongo mzito. Nadhani akiota unavuta mawimbi."

Pole alimtazama kwa adabu ya mtu anayelipwa kwa mwezi. "Basi tufanye jaribio. Shemeji, fundisha. Wewe kaka, mpigie mtu yeyote uongee. Mimi nitakaa kwenye waya."

Mama, aliyekuwa mlangoni muda wote huo, alipiga mwayo mkubwa. "Jamani, mimi naenda kujinyoosha."

Mkaguzi akampigia dada yake. Mkewe akaanza kueleza mfuko wa suruali. Pole alikwenda kwenye korido, ambako waya ulipita juu ya ukuta, akabana simu yake ya majaribio pale waya ulipounganishwa, akasikiliza.

"Umeshamwambia Mama?" sauti ya dada iliuliza.

"Si sasa. Kuna fundi," alisema mkaguzi.

Hapo mwalimu akaganda kwenye skrini, mkono mfukoni. Na kwenye laini, katikati ya mvumo wa vitunguu, mtu akapiga chafya. Nyuma ya kabati, mahali pasipofagiwa miaka mingi, vumbi linakuwa na heshima zake, lakini pua nayo ina mipaka yake.

"Afya!" alisema dada.

"Ya nini?"

"Si umepiga chafya?"

"Mimi sijapiga chafya."

"Basi nani kapiga?"

Pole pekee ndiye aliyejua kwamba chafya ile imemfikia mara mbili: sikio la kushoto kwa waya, sikio la kulia kwa mlango wa chumba cha Mama.

"Ni laini hiyo," alipaza sauti kutoka koridoni. "Ina unyevu. Laini ikipata unyevu hupiga chafya." Katika kazi yake, unyevu ndio jibu la kila kitu, na hakuna mteja aliyewahi kuukana. "Naomba nikague chumba cha Mama."

"Amelala! Akiota haamshwi."

"Nitakagua kwa kunyata."

Alikuta kitanda kitupu, kimetandikwa vizuri kuliko inavyompasa mtu aliyelala. Pembeni ya kabati zilichomoza ndala mbili, na miguu ndani yake.

"Shikamoo, Mama," alinong'ona.

"Marahaba," kabati lilijibu. "Funga mlango."

Alifunga. Mama Ndoto akatoka kinyumenyume, utando wa buibui kichwani, mkonga mkononi, macho makavu kama ya mtu aliyekaguliwa na wakaguzi wakubwa kuliko huyu.

"Unakwenda kusema?"

"Mama, mtambo umeshasema. Mimi nimetumwa nikaangalie tu."

"Mtambo umesema nini hasa?"

"Kwamba kuna simu haina kichujio."

"Umesema kuna simu ya mtu anayesikiliza?"

Pole alifikiri. "Hapana. Hilo hauna uwezo nalo."

"Na hicho kijisanduku," alisema Mama, akishusha sauti kama anayeulizia dawa ya jirani, "kinaondoa hivi vitunguu?"

"Vitunguu gani?"

Akamsogezea mkonga. Pole alisikiliza mvumo ule, na uso wake ukabadilika. Angeweza kuvumilia mengi, lakini laini chafu kiasi kile ilimtia aibu kama yeye ndiye aliyeikaanga.

"Mama, umekuwa ukisikiliza *hivi*? Muda wote huu?"

"Nifanye nini? Ningemlalamikia nani?"

"Pole sana," alisema, na safari hii lilikuwa neno, si salamu. Alitoa kijisanduku mfukoni, akajipenyeza nyuma ya kabati, akakichomeka kati ya simu na tundu. Kimya kikashuka kwenye mkonga, kimya safi cha laini isiyo na mgogoro, na ndani yake, waziwazi kama yuko chumbani, bintiye alikuwa anasema: "…mito ya kochi nimeiweka juu ya ile mashine ya kufulia iliyokufa, chumba kinamtosha. Ila mume wangu nimemwambia ni wiki mbili tu, usinichome kwake."

Mama alifumba macho. Hakuwa amesikia vizuri namna ile tangu ofisini.

"Na mimi, Mama," Pole alinong'ona, akiwa bado amebanwa ukutani, "bosi wangu anataka kunihamisha au ni maneno ya watu?"

"Mpigie kutoka sebuleni hapo," alisema Mama. "Sauti ya mtu anayetaka kuhamisha naijua kabla yake mwenyewe. Nitakuotea."

Sebuleni Pole alieleza kwamba unyevu umeisha. Mwalimu alikuwa ameganduka na mfuko wa suruali unaendelea. Familia ilishukuru. Pole akaomba kutumia simu mara moja.

Asubuhi iliyofuata, Mama alikuja mezani na uso wa mtu aliyesafiri.

"Nimeota," alisema.

Mwanawe aliendelea kupaka siagi mkate. Siku hizi hakuna aliyekuwa anaacha kupaka.

"Nimeota niko kwenye chumba kidogo, cha nyuma. Kuna mashine ya kufulia, lakini haifui. Juu yake kuna mito ya kochi. Anakuja mkwe wangu wa kiume, mume wa dada yako, ananiuliza kwa heshima kabisa, 'Mama, si tuliambiwa wiki mbili?' Sijui maana yake nini. Nisogezee chumvi."

Kisu kilisimama katikati ya mkate. Mke wa mkaguzi akamtazama mumewe, mumewe akaitazama chumvi.

Baada ya chai mkaguzi alikimbilia simu, na Mama akaenda kujinyoosha.

"Dada, hiyo mashine ya kufulia," alisema kwa haraka, "juu yake kuna mito?"

"Si nilikwambia jana."

"Mama hakuwepo jana! Mama alikuwa amelala! Na shemeji, ulimwambia wiki mbili?"

"Kaka, unanitisha."

"Amemwona shemeji anauliza. Kwa heshima kabisa."

Safari hii hakuna aliyepiga chafya. Vumbi lilikuwa limeshapanguswa. "Mwache hapo hapo," dada alisema. "Mimi siwezi kukaa na mtu ambaye chumba anakiona kabla hajakifikia. Kwanza mume wangu ana mambo yake."

"Mambo gani?"

"Mambo tu. Mwache hapo."

Karakana ya kushonea iliwekwa kwenye ubaraza. Shemeji aliyehama bila kuuliza alirudi kuomba radhi, na kuuliza kuhusu kochi. Intaneti haikukatika tena, Mama alale asilale, na mkaguzi wa mizani akaiondoa nadharia yake ya ubongo kimyakimya, kama anavyofanya mtu wa vipimo. Pole hakuhamishwa, alikuwa ameshaambiwa hivyo na Mama kabla bosi hajaamua.

Mtambo wa makao makuu uliipima tena nyumba ile mwisho wa mwezi, ukaipa alama ya kijani: kasoro hakuna, simu moja.