Ulimi wa Fundi na Friji ya Karavani

Siku ya kwanza Mama Magurudumu kumwona Fundi Ulimi kazini, nusura chai aliyokunywa irudi. Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya pikapu ya Mama, amefunua kifuniko cha ile soketi inayopeleka umeme kwenye trela. Akatoa ulimi, akaugusisha kwenye pini zenye kutu na grisi, akafumba macho kama mpishi anayeonja mchuzi.

"Umeme upo," akasema, akajifuta mdomo kwa kiganja kilichokuwa cheusi kuliko soketi yenyewe.

Biashara ya Mama Magurudumu ilikuwa karavani, vile vijumba vya magurudumu vinavyovutwa nyuma ya gari. Alinunua zilizochoka, akazipaka rangi, akazitia magodoro mapya, akazikodisha. Ya kwanza ilikuwa imetafunwa na panya hadi dari, na hakuna ndugu aliyekuja kumshikia hata brashi, kwa hiyo huruma katika bei hakuwa nayo. Alimuuliza fundi anataka ngapi, akasikia nusu ya wanachotoza mafundi wenye mashine za kupimia. Akashusha tena, kwa mazoea tu, na fundi akakubali bila hata kuguna. Mama akadhani ni njaa. Kinyaa akakimeza, bei akaichukua.

Gereji ya fundi ilikuwa kibanda cha mabati kati ya duka la matairi na mtaro ulioziba. Kisu chake kilikuwa kimoja, asubuhi kinachuna waya na mchana kinakata mkate, na hakuna aliyewahi kukiona kikioshwa. Kazi alifundishwa na mjomba wake, aliyepima kwa ulimi kwa sababu testa hakuwa nayo, na mpwa akairithi njia hiyo kama wengine wanavyorithi shamba. Umeme wa gari hauui, alipenda kueleza, unatekenya tu. Mkewe alikuwa amemtengea kikombe, sahani na upande wa kitanda, akisema hawezi kumbusu mtu anayelamba magari. Fundi aliyasimulia hayo hadharani kama sifa, na wateja walishika mbavu. Mama Magurudumu alisogea nyuma, mate yasimfikie.

Ndipo akaja muuza nyama. Alikuwa amepata kazi ya kulisha kambi ya wajenzi wa barabara, safari ya kutwa nzima, na alitaka karavani yenye friji kubwa ya kuvuta kwa gari lake mwenyewe. Alikagua sakafu, akanusa kona, akasema safari moja ya majaribio ikienda sawa, ataikodi mpaka barabara iishe. Barabara yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuchimbwa. Mama Magurudumu hakuwahi kupata mteja wa namna hiyo. Wake wote walikuwa watu wa wikiendi, wa kuja na kupotea.

Friji ya karavani ina hila yake. Taa ya ndani hula betri ya karavani, lakini ubaridi, mkiwa njiani, hutoka kwenye gari linalovuta, injini ikiwa inawaka, kupitia pini zake kwenye soketi. Gari likishindwa kutoa umeme, taa itaendelea kukuchekea huku nyama inachemka. Mama alilijua hilo, ndiyo maana akamwita fundi akague soketi ya gari la muuza nyama. Fundi akawasha injini, akapiga magoti, akalamba.

"Upo. Tena mkali," akasema.

Mlango wa friji ukafunguliwa, taa ikawaka. Muuza nyama akaridhika na taa, Mama akaridhika na fundi wake wa bei poa.

Safari iliporudi, harufu ilitangulia, gari likafuata. Maji ya kahawia yalidondoka chini ya mlango wa karavani, na nzi walikuja nayo kama wamelipa nauli. Ndani, maini yalikuwa yamegeuka kijani pembezoni na mbavu zilikuwa zinateleza zikiguswa. Muuza nyama hakupiga kelele. Alisema wapishi wa kambi walikataa mzigo huku wamejiziba pua kwa aproni, na amepewa nafasi moja tu ya kurudia.

"Nionyeshe kosa liko wapi, Mama," akasema. "Nikiona limeshikwa na limerekebishwa, tunaendelea. Nisipoona, natafuta mwingine."

Fundi akaitwa. Alidai ulimi wake haujawahi kumdanganya, labda bwana huyu alizima injini njiani akalala. Mama Magurudumu hakubishana. Alichukua globu ya taa kubwa ya mbele, akaifunga nyaya mbili, injini ikawashwa, akaigusisha kwenye pini za friji. Globu ikawa nyekundu tu, kama kipande cha sigara. Fundi akasema imechoka. Mama akaigusisha moja kwa moja kwenye betri, ikawaka hadi wote watatu wakageuza nyuso.

Fundi akachuna waya wa soketi kwa kile kisu chake. Ndani kulikuwa na unga wa kijani na unyuzi mmoja wa shaba uliosalia. Akaunga waya mpya, globu ikawaka vizuri, na uso wa muuza nyama ukaanza kulegea. Mama akaona biashara inarudi mkononi. Ili kuifunga kabisa, akamwamuru fundi aioshe karavani.

Fundi akaingia bila kujiziba pua. Baada ya muda akatoka, akachukua mkate wake, akarudi kukaa mlangoni, miguu ndani ya yale maji ya kahawia, akala taratibu na kulamba vidole. Muuza nyama akainama kando ya ukuta, akatapika. Mama Magurudumu hakutapika. Alimtazama mtu yule akitafuna, kisha akili ikamjia. Gari lilikuwa bado linanguruma. Akaenda mbele, akachomoa fiyuzi inayopitisha umeme wa friji, akaificha kiganjani.

"Fundi, hebu lamba mara ya mwisho, bwana ajiridhishe."

Fundi akaja na makombo mdomoni, akalamba. "Upo."

"Mkali?"

"Mkali."

Mama akafungua kiganja. Fundi akaitazama fiyuzi, akameza.

"Tangu lini?"

"Kitambo, Mama. Hata chumvi siisikii, wala harufu. Mke wangu ndiye anayejua." Akajifuta mdomo. "Sasa ningesema nini? Mteja anataka kuambiwa upo."

Muuza nyama alikuwa amesikia yote. Alichomoa plagi ya karavani, akaondoa gari lake. Alisema soketi ameiona imepona, ila hawezi kubeba chakula cha watu kwa karavani ya mwenye biashara ambaye mkaguzi wake ni huyu.

Kambi yake hakuipoteza. Alikodi lori la baridi kwa mtu mwingine. Harufu iliingia kwenye kuta za karavani ikakataa kutoka kwa sabuni wala dawa, na Mama Magurudumu akaiuza kwa mtu wa kuhifadhi saruji, kwa bei ambayo hapendi kuitaja. Fundi Ulimi alipoteza kazi ya karavani za Mama tu. Wateja wengine wanampelekea magari mpaka leo, anapiga magoti, anatoa ulimi, nao wanacheka. Barabara bado inajengwa, na kila lori la nyama linapopita mbele ya yadi yake, Mama hutema mate pembeni, akaendelea kupaka rangi.