Nilivyokaribia kuvunjisha majiko ya samaki Nansio kwa sababu ya "local time"

Wakuu, heshima kwenu, na shikamoo kwa wanaostahili.

Leo nimeona nitubu hadharani. Haya yalinikuta mimi mwenyewe miaka ya tisini, na baadhi ya wahusika bado wapo na wananicheka mpaka leo. Chumvi siongezi, iliyopo inatosha.

Kipindi kile soko huria limeshika kasi, kila mara tunasikia mradi mpya na Land Cruiser mpya. Ukerewe nasi tukapata wa kwetu: mradi wa kupima moshi na vumbi angani.

Mashine yenyewe ilikuwa sanduku kubwa kama kabati la vyombo. Inaendeshwa kwa jenereta, inarusha laser juu, mwanga ukigonga moshi au vumbi kiasi chake kinarudi, kompyuta inachora. Zilikuwa tatu: Mwanza, Musoma na ya kwetu Nansio. Ukizisoma pamoja unajua moshi umetoka wapi na umeelekea wapi.

Ya Nansio nilikabidhiwa mimi. Form six, kalamu mbili mfukoni. Nilikuwa sishikiki.

Shangazi Nyangeta, aliyenilea, hakuvutiwa hata kidogo.

"Leo umeona mvua?"

"Shangazi, hii si ya mvua. Ni ya moshi."

"Moshi? Mbona mimi nauona bila jenereta?"

Sasa sikilizeni. Jenereta ikizimwa, saa ya kompyuta inapotea. Kwa hiyo kila asubuhi nikiiwasha ilibidi niandike saa kwa mkono. Mwongozo ulisema niandike "local time".

Nikajiuliza, local hapa ni nani? Si ni sisi!

Nikiwasha saa moja asubuhi naandika 1. Ikiwa saa mbili, 2. Wenzangu wa Mwanza na Musoma walishafanya kazi za hali ya hewa, wao waliandika 7 na 8. Mimi sikujua, wala sikuuliza. Msomi mzima nianzie wapi kuuliza saa?

Ikaja barua kutoka kwa mtaalamu wetu, Bwana Henrik, ya kunipongeza kwa kujituma saa ambazo wenzangu wamelala. Nikajua anamaanisha Jumapili. Nikaibandika ukutani.

Kiangazi kilipofika, moshi ukatanda ziwa zima. Henrik akapanda meli kutoka Mwanza akatujia na ramani yenye mshale mkubwa mwekundu. Mshale unaanzia Nansio, unaishia Mwanza. Kwa vipimo vyake, moshi unaanza kwetu, kisha baada ya masaa sita unafika kwao.

Na Nansio moshi unatoka wapi? Ufukweni, kwenye majiko ya kubanikia samaki.

Hapo utani ukaniisha. Sangara wakubwa walikuwa wanakwenda viwandani Mwanza, akina mama wanabaki na wale wadogo, wanabanika na kuuza. Shangazi alikuwa na jiko pale. Ndilo lililonilisha na kunisomesha. Na afisa mmoja wa wilaya alishasema, kama mashine imethibitisha, majiko yote yavunjwe.

Kikao kikaitishwa pale pale ufukweni. Mkalimani nani? Mimi.

Henrik akaongea, nami nikatafsiri kwa sauti ya kisomi: "Mashine inaonyesha moshi unaanza hapa saa nane usiku."

Akina mama wakatazamana. Shangazi akasimama.

"Saa nane usiku tunabanika nini? Mitumbwi inarudi asubuhi." Kisha akanigeukia. "Na hiyo mashine nani aliiwasha saa nane usiku? Wewe si unakoroma chumba cha pili, mimi nakusikia?"

Watu wakacheka.

Nikaitazama ile 2 iliyoandikwa pale Nansio kwenye ramani ya Henrik. Nilikuwa naifahamu. Ilikuwa ya kwangu.

Wakuu, niliogopa kweli. Nikisema, kazi imekwenda. Nikinyamaza, jiko la shangazi linavunjwa kwa ushahidi wangu. Nilifikiria hata kuisingizia jenereta. Lakini shangazi alikuwa amesimama pale, mikono ina masizi, anasubiri nimtafsirie swali lake.

Nikalitafsiri. Halafu nikalijibu mwenyewe, kwa Kiingereza cha kuungaunga, kwamba 2 yangu ni 8 yake. Ilibidi nimwonyeshe kwenye saa ya mkononi ndipo akaelewa. Akakaa juu ya kreti, akatoa kalamu, akaanza kuongeza sita, sita, sita.

Mshale ukafa pale pale. Moshi ulionekana Nansio, Mwanza na Musoma asubuhi ile ile. Baadaye wakagundua ni mashamba yaliyochomwa mbali, ng'ambo ya ziwa.

Majiko yakabaki. Mimi pia nikabaki kazini, ila ile barua ya pongezi Henrik aliiomba arudishiwe.

Nilichojifunza: ukipewa kitu cha kisasa, uliza hata lile swali unaloona la kijinga. Aibu ya kuuliza ingeisha siku ile ile. Hii nyingine ninayo hadi leo.

Haya, na wewe ambaye saa za Kizungu zilishawahi kukuumbua, usijifiche. Shuka hapo chini uungame, tucheke wote.

NB: Juzi nilimpigia shangazi kumwambia naenda kumwona, nitafika saa mbili. Amezeeka, sikio moja halisikii vizuri, lakini hili alilisikia.

"Saa mbili ya nani?"