Nilivyoipora Kadi ya Mtani Wangu

Kazi yangu mwishoni mwa miaka ya tisini ilikuwa kuuliza maswali. Asubuhi nilitoka Kibaoni kwa baiskeli, nikaenda Namawala nyumba kwa nyumba, nikiwauliza akina mama habari za uzazi, homa na vyandarua. Mwanzoni tuliandika kwenye karatasi, na masika karatasi zililowa tukabaki kubishana na wino. Kisha mradi ukatuletea kompyuta ndogo za mkononi, majibu yakawa yanaingia kwenye kadi nyembamba iliyochomekwa ubavuni. Ndani ya kadi hiyo hakuna kinachozunguka wala kinacholia, ni chipu tupu. Tuliipenda kwa sababu ilivumilia mashimo ya barabara kuliko sisi.

Kila mahojiano niliyaanza kwa maneno yaleyale: majibu yako ni siri, na utafiti ukiisha jina lako litafutwa. Niliyasema mbiombio, kama mtu anayemalizia rozari huku mvua inanyesha. Wengi hawakuyasikiliza. Mama mmoja aliyasikiliza.

Alikuwa akipepeta mchele. Nilipofikia maswali ya kitinda mimba wake, aliuweka ungo chini, akatazama kama mumewe yuko karibu, akaniambia jambo kuhusu mtoto yule ambalo mumewe hakulijua. Lingejulikana, yeye na mtoto wasingelala tena katika nyumba ile. Swali langu halikuhitaji jibu refu kiasi hicho. Nadhani alikuwa amechoka kulibeba peke yake. Nikaandika, maana ndiyo kazi niliyoajiriwa.

Utafiti ukaisha. Majibu yalinakiliwa, yakapelekwa Dar es Salaam bila majina, na nakala yenye majina ikabaki kwenye kadi. Tukaambiwa tufute, mashine zikabidhiwe mradi mwingine, wa visima. Nikabonyeza, kadi ikaonyesha iko tupu, nikaenda zangu sokoni kununua perege.

Hazikupita siku nyingi, yule mama akashuka kwenye lori la mpunga, akaja moja kwa moja nyumbani kwangu.

"Dada, mradi wa visima umempa shemeji yangu ukarani," alisema kabla hajakaa. "Ndiye atakayeshika mashine yako, na unamjua alivyo mpekuzi. Uliniambia yatafutwa. Yamefutwa?"

"Yamefutwa. Nimefuta mwenyewe, kwa kidole hiki."

"Uliyaona yakifutika?"

Swali lile liliniudhi. Nikamwacha na chai, nikaenda ofisini kwa fundi wetu wa kompyuta, mtu wa kuguna kuliko kusema, nikamwomba anihakikishie. Akaichomeka kadi, akaendesha programu yake, na baada ya muda majina ya Namawala yakaanza kupanda kwenye kioo. La yule mama lilikuwamo, na jibu lake chini yake. Nilipandwa na hasira. Nilikuwa nimewaapia watu wazima kitu nisichokijua.

"Ulichofuta ni orodha tu," fundi alisema. "Ni kama kung'oa msalaba kaburini. Marehemu yupo palepale."

"Basi nitaandika vitu vingine juu yake."

Akaguna. "Kadi hii haiandiki mahali pamoja kila siku, isije ikachakaa. Inajichagulia pengine, kama mkulima anayepumzisha jaruba la mpunga. Utadhani umefunika, kumbe yapo. Ukitaka uhakika, saga chipu zenyewe. Si ganda. Chipu."

"Na huyo karani mpya anaweza kuyarudisha?"

"Nimeambiwa nimfundishe kazi. Programu hii imo."

Nikaipeleka kadi kwa mkuu wa ofisi yetu, Mngoni wa Songea, mtu mwema mpaka uguse mali ya ofisi, nikaomba tuisage. Alisema kadi ni ghali, imeshaingizwa kwenye makabidhiano, na nani atahangaika kufukua mambo ya akina mama? Nikamwambia atakayehangaika namjua hadi kwao. Akanijibu niifute tena, safari hii nibonyeze kwa nguvu.

Sasa, mimi ni Mpogoro. Kwetu Mngoni ni mtani, na mtani akikupora kitu mbele za watu, ukinuna wewe ndiye mjinga. Nimewahi kumwona mkuu huyohuyo msibani akimvua kofia mzee wa kwetu, akaondoka nayo, na wafiwa wakacheka katikati ya kilio. Nikangoja wakati wa chai, watu wote wakiwa barazani. Nikaichukua kadi mezani kwake, nikatoka nayo barazani, nikaiinua juu.

"Mtani! Babu zenu walitupora mbuzi, leo tumeanza kurudisha!"

Baraza zima likaangua kicheko. Akainuka kuidai, akawatazama watu, akakaa tena.

"Mpogoro hata umpe kompyuta, ataikaanga ale," alisema mwishowe, na ikambidi acheke. Macho yake hayakucheka. Kwa muda mrefu baada ya hapo alinipangia safari za ng'ambo ya mto, kwenye tope.

Nilipitia nyumbani kumchukua yule mama, tukaenda kwa fundi baiskeli wa Kibaoni, aliyekuwa na kipande cha reli cha kunyooshea vyuma. Nikabandua ganda kwa bisibisi, nikaweka chipu juu ya reli. Kwanza nilipiga kwa adabu, kisha nikapiga kwa hasira zote nilizokuwa nazo, mpaka zikawa unga mweusi. Mama akauchota kwa ncha ya kidole, akausugua, akaupangusia kwenye kanga.

"Hii imekwisha," alisema. "Na wewe je?"

Nikacheka, nikidhani naye amenianzia utani. Hakuwa anacheka. Nyundo bado ilikuwa mkononi mwangu.

"Mimi sitasema, dada."

"Hata kadi nilihakikishiwa haitasema."

Aliniaga vizuri, akaenda kutafuta lori la kurudi. Sikukanyaga tena kwake. Tulipokutana kanisani niliangalia pembeni, asije akaona kwenye macho yangu kwamba najua.

Alifariki miaka mingi baadaye. Baada ya arobaini akaja kijana nyumbani kwangu, na nilimtambua kabla hajajitaja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alikaa ukingoni mwa kiti. "Mama alipozidiwa alisema kuna mtu mmoja tu ambaye yeye aliwahi kumweleza habari zangu. Yule wa baiskeli na mashine. Zaidi ya hapo hakusema. Naomba uniambie. Mimi si mtoto tena."

Alikuwa na haki. Naamini hivyo mpaka leo. Nilimtazama usoni, na maneno ya mama yake yakanijia yote, hata yale ambayo siku ile sikuyaandika.

"Ni zamani mno, mwanangu," nilisema. "Nimesahau."

Akanyanyuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kunishukuru. Huko kunishukuru ndiko kunakoniuma.