Mvushaji wa Mto Uliohama

Mvushaji wa bondeni, huku chini ya Chimala, kila asubuhi hupangusa mchanga kwenye mtumbwi wake kwa kiganja, kisha huketi na upondo magotini kungoja abiria. Mto wenyewe ulihama tangu masika ya mwaka juzi, ukajichimbia mkondo mwingine mbali.

"Baba, mto umeshakukimbia," Bertha muuza mchele humtania, akivuka kwa miguu mikavu.

"Haujakimbia. Umesafiri," hujibu, wala hacheki.

Masika haya mto umerudi kweli, ila kwa mikondo miwili, mmoja mbele yake, mwingine nyuma. Bertha, akiwa ukingoni, alimkuta amesimama kwenye kisiwa kipya, mtumbwi umefukiwa na matope.

"Haya, baba, mgeni wako ndiye huyo kafika!"

"Nimemwona," akasema, akijifuta viganja. "Sasa niitie mvushaji."