Ufunguo wa Rola

Nimeendesha rola, ule mtambo wa kushindilia barabara, mpaka nimezeeka nayo, na sijawahi kukanyaga hata kuku. Nasema hivyo kifua mbele. Anayetaka kununa na anune.

Miaka ile ya mageuzi, serikali ilipopunguza watu kazini, na mimi nilikumbwa. Kampuni ya mtu binafsi ikanichukua karibu na Ikungi, kwa majaribio ya mwezi mmoja. Foromani alinitazama kama chumvi kwenye chai, kisa mimi ni mwanamke. Nilikuwa na watoto watatu, na kazi ile niliitaka kwa udi na uvumba.

Tatizo lilikuwa mtindo wangu. Kabla ya kuwasha, lazima nizunguke mashine yote kwa miguu, niiname nitazame mbele ya gurudumu la chuma na nyuma ya matairi. Pale tulipokuwa tunajenga hapakuwa na mti wa maana, na jua la saa saba humfanya mtu afuate kivuli popote kilipo. Foromani aliona napoteza muda tu. "Dada, unaikagua mashine au unaiposa?" alikuwa akinitania, wenzake wanacheka.

Siku moja, baada ya chakula cha mchana, mawingu yakakusanyika na kifusi kilikuwa kimemwagwa hakijashindiliwa. Akanifokea, "Panda sasa hivi. Ukizunguka leo, ufunguo nampa mwingine, wewe uende nyumbani."

Lakini mimi ukinifokea ndiyo nafanya taratibu makusudi. Nikazunguka.

Nyuma ya tairi alikuwa amelala mzee mmoja mchunga ng'ombe, kofia usoni, fimbo pembeni. Sikulelewa kumwamsha mtu mzima kwa kelele. Nikachuchumaa, nikasema, "Shikamoo, baba."

Foromani, aliyekuwa upande wa pili, akacheka. "Jamani, sasa anaiamkia mashine."

"Marahaba, mwanangu," sauti ikajibu kutoka chini.

Kicheko kikakatika. Foromani akaja, akamwona mzee anajikung'uta vumbi, akakaa palepale juu ya kifusi. Mimi nikamsogeza mzee kando, nikapanda, nikapiga honi, nikashindilia kifusi chote kabla ya mvua.

Asubuhi yake nikakuta ufunguo anao foromani. Nikajua ndiyo basi tena, nimefukuzwa. Kumbe alikuwa anaizunguka rola mwenyewe. Akainama mbele, akainama nyuma, ndipo akanipa ufunguo kwa mikono miwili.

"Sasa zunguka na wewe, dada," akasema.