Miaka miwili nawachemshia chai, siku ya interview wakajifanya hawanijui

Wakuu, wa Moro mjini, wa milimani, na nyie mnaosoma huu uzi kazini kwa wifi ya ofisi, nawasalimu wote.

Haya ninayoandika yamenikuta mimi mwenyewe na sijatia chumvi. Jina la ofisi sitalitaja, kwa hiyo msinijazie inbox. Hawastahili kutangazwa bure.

Niseme mapema kwamba sina hasira. Hasira zilishaisha. Kilichobaki ni dharau.

Iko hivi.

Nimesoma maendeleo vijijini, pale chuo kikuu Mazimbu. Nikamaliza, nikarudi mtaani kama wasomi wengine, bahasha ya vyeti kwapani, naitembeza ofisi hadi ofisi. Mwisho nikapata pa kujitolea. Ni asasi moja mjini inayofanya kazi na wakulima wa viungo wa milimani, yaani pilipili manga, mdalasini na karafuu.

Kujitolea, kwa wasiojua, ni kufanya kazi zote za mwajiriwa halafu mwisho wa mwezi unapewa nauli na kuambiwa "Mungu akubariki kwa moyo wako".

Bosi alikuwa mama mmoja, tukimwita Madam. Madam ana neno lake analipenda kweli: familia. "Hapa sisi ni familia." Ukiuliza mkataba, familia. Ukiugua, familia inakutumia emoji ya maua kwenye group. Mxiuuu.

Aisee, nilifanya kila kitu. Chai ya asubuhi nachemsha mimi. Printa ikigoma naitwa mimi. Ripoti ya wafadhili naandika mimi, Madam anaweka sahihi yake kubwa. Na field naenda mimi, maana wenzangu wakiona tope tu migongo inaanza kuwauma. Nilipewa pikipiki ya ofisi, nikawa napanda nayo Matombo, ndani ndani kule, njia ambayo mvua ikinyesha wewe ndiye unaibeba pikipiki.

Sasa Matombo ni kwetu. Mjomba wangu, kaka yake mama, anaishi huko.

Kwa sisi Waluguru mjomba si mtu wa kumpitia na kumsalimia tu. Ukoo unafuata kwa mama, shamba ni la upande wa mama, na msemaji ni mjomba. Mjomba akisema umekuwa mtu, basi umekuwa mtu.

Na mjomba alikuwa ameshasema. Alikitangazia kijiji kizima kwamba afisa wa viungo ni mpwa wake. Sikumkanusha. Ningeanzia wapi kumweleza mzee kwamba msomi wake wa chuo kikuu anafanya kazi bure?

Katikati ya hayo nikaitwa kazi Dumila. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la pembejeo hapa mjini alikuwa anataka mtu wa kusimamia tawi lake pale njia panda. Mshahara upo na chumba cha kulala kipo. Nikaenda kwa Madam kuomba ushauri, mjinga mimi.

Madam akaniangalia kwa huruma. "Dumila ukauze dawa za viwavi, msomi mzima? Vumilia mwanangu. Mradi mpya ukipita, field officer ni wewe. Nani mwingine anaijua hii kazi?"

Nikamkatalia mzee wa watu. Hakuninunia wala nini, akaniambia kila la heri kijana wangu. Haikupita wiki tawi likapata mtu mwingine.

Mradi ukapita kweli.

Tangazo la kazi nililiandika mimi mwenyewe, wakuu. Madam alinituma niorodheshe sifa za mwombaji, nikaorodhesha za kwangu zote, nilibakiza kuweka picha tu.

"Wewe omba kama wengine," Madam akasema. "Wafadhili wanataka watu washindanishwe. Ni formality tu."

Sasa formality unajiandaa nayo vipi? Jamaa ninayepanga naye chumba Mji Mpya aliniambia nikae chini aniulize maswali mawili matatu, nizoee kujieleza. Nilimcheka. Nikamwambia, bro, wataniuliza nini ambacho hawakijui?

Nilijikuta mno.

Siku ya interview nikawahi kufika, kama kawaida yangu. Nikawasha jiko, nikachemsha chai ya panel na ya waombaji. Nikapanga viti vya panel, nikawawekea maji. Nikapiga pasi shati la pili nililobeba kwenye begi, nikalivaa, nikatoka nje kukaa kwenye benchi na waombaji wengine. Yaani niliandaa mwenyewe ukumbi wa kunichinjia.

Pembeni yangu alikaa dada mmoja anaitwa Witness. Alikuwa ametoka Dar na basi la kwanza, viatu mkononi anavipangusa vumbi. Akaniuliza, "Kaka, samahani, hivi Matombo ni mbali na hapa?"

Wakuu, mdomo wangu ulifunguka kama bomba lililokatika.

Nikaona huyu maskini, amepoteza nauli yake, ngoja angalau aondoke na elimu. Nikamwambia habari za wakulima wa kule. Kwamba wanavuna pilipili manga ikiwa changa kwa kuogopa wezi, halafu wanaianika chini kwenye udongo, dalali anaipondea bei. Kwamba tulianza na vikundi vya kulinda mashamba kwa zamu, pilipili ikomae. Kwamba tulitengeneza vichanja vya mianzi vya kuanikia, na wazee wakavikataa, mpaka nilipomwomba mjomba aanze yeye. Kwamba ukifika usikimbilie kufungua laptop, salimia kwanza, kaa, kula ndizi ukipewa.

Witness hakuandika kitu. Alisikiliza tu na kuuliza. Na aliuliza vizuri, hilo nampa. "Hao wazee walikubali baada ya kuona nini?" Nikamjibu kila kitu, mguu juu ya mguu, najisikia kama profesa.

Akaitwa akaingia. Alikaa muda mrefu kidogo. Alipotoka akanishukuru sana.

Nikaitwa mimi.

Mezani walikuwa watatu. Madam, mhasibu wetu, na mama mmoja wa wafadhili kutoka Dar. Huyo wa Dar ndiye pekee aliyekuwa hanijui kweli. Mhasibu asubuhi ile ile alikuwa ameniomba nimwongezee sukari kwenye chai. Sasa alinikodolea macho kama mtu aliyeingia kuulizia choo kiko wapi.

Madam akakohoa. "Karibu. Tueleze kwa ufupi, wewe ni nani?"

Nikacheka. Wallahi nilicheka, nikajua anatania. "Madam, si mnanijua jamani."

Hakucheka mtu. Mama wa Dar akaandika kitu.

"Una uzoefu gani na wakulima wadogo?"

"Kama mnavyojua, ndiyo kazi ninayofanya hapa kila siku."

"Tupe mfano wa changamoto uliyokutana nayo na ulivyoitatua."

Hapo nilimwangalia Madam machoni. Ripoti ya vichanja nimeiandika mimi, yeye kaisoma mbele za watu hotelini akapigiwa makofi. Nikaona aibu kumsimulia mtu habari anayoijua, na nikaona kama najisifu mbele ya mama mtu mzima. Kwetu hatukulelewa hivyo. Nikasema, "Changamoto ni zile zile Madam, ila tulizimaliza."

Tulizimaliza! Nani na nani? Hata mimi nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Na Madam, mkuu wa familia, alishindwa hata kusema "huyu kijana tunaye hapa ofisini". Neno moja tu. Alijaza karatasi yake, akaniambia asante, tutawasiliana.

Tutawasiliana! Na vikombe vyao niliviosha mimi baada ya pale.

Kazi akapewa Witness.

Mhasibu alinivuta pembeni karibu na tanki la maji, ananong'ona kana kwamba ananipa siri ya serikali. "Dogo, maksi tulikuwa tunatoa kwa kile mtu anachokisema. Wewe hukusema kitu. Yule binti alieleza mpaka vichanja vya mianzi, yule mama akabaki mdomo wazi."

Nikamuuliza, na wewe hukujua vichanja ni vya nani? Akaangalia saa yake. Watu wengine bwana, uti wa mgongo wanauacha nyumbani wakija kazini.

Madam naye akaniita, uso wa msiba. "Usijisikie vibaya mwanangu, sisi ni familia. Nafasi nyingine zitakuja. Endelea kujitolea. Na kesho kutwa umpeleke mwenzako Matombo, umtambulishe kwa wakulima, wewe si ndiye unayewajua?"

Nyie! Kwenye interview hanijui, kwenye kubebesha mizigo ananijua mpaka kwa mjomba.

Mtauliza kwa nini nilikubali. Nilikubali kwa ajili ya mjomba. Sikutaka aje asikie kwa watu wengine.

Tukapanda na pikipiki. Tulipofika Mkuyuni tukasimama kunywa chai, na njia nzima nilikuwa sijamsemesha. Nikamtolea uvivu pale pale. Nikamwambia, dada, umeniibia kazi kwa maneno yangu mwenyewe.

Hakukasirika. Akaweka kikombe chini. "Kaka, sikusema nimefanya mimi. Waliniuliza ningefanya nini kwa wakulima wa huku, nikasema nimesikia wameanza hivi na hivi, ningeendeleza pale. Nikajua wewe utasema zaidi yangu, maana umeyafanya." Akanitazama. "Kwani wewe ulisema nini?"

Nilimlipia chai tukaondoka.

Kule kijijini wakulima walikuwa wamekusanyika uani kwa mjomba, wanaume kwa wanawake. Nikampa mjomba shikamoo, Witness naye akapiga goti akatoa yake. Kabla sijafungua mdomo mjomba akasimama, kanzu safi kabisa.

"Jamani, afisa wetu amefika. Na leo ofisi imempa msaidizi, huyu binti."

Wakapiga makofi. Kina mama wakatoa vigelegele.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasimama. Nikawaambia kwamba afisa ni huyu dada. Mimi sikuwa mwajiriwa, nilikuwa najitolea tu. Kazi iliposhindaniwa, kapata yeye.

Kina mama wakageuka kumwangalia mjomba.

Witness akadhani ananisaidia. Akasema, "Wazee wangu, yote ninayoyajua ya huku kanifundisha yeye." Ndiyo akanimaliza kabisa.

Mjomba hakupandisha sauti. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Mpwa wangu, miaka yote hii uliyokuwa unapanda huku, unatuambia tung'oe, tupande, tulinde, na sisi tukakusikiliza. Ulikuwa unakuja kama nani?"

Wakuu, swali lile lile nililolicheka mezani kwa Madam, nikaulizwa na mtu anayenijua tangu sijaota meno. Na safari hii sikupata cha kucheka. Nilisimama pale nimeinamisha kichwa mpaka mjomba mwenyewe akaamua kukaa chini, akamwambia Witness, "Haya mwanangu, karibu. Anza wewe."

Tuliporudi mjini nikaweka ufunguo wa pikipiki mezani kwa Madam. Akaniuliza nani sasa atakuwa anampeleka binti field. Nikachukua begi langu nikatoka. Yaani mpaka dakika ile alichokuwa anakitafuta ni dereva.

Sasa hivi naomba kazi upya, huku na huku. Naandika vitu nilivyofanya, kwa jina langu, neno "mimi" limejaa mpaka natapika. Jioni jamaa yangu wa Mji Mpya ananiuliza maswali, najibu kwa sauti kama mwehu, majirani wanachungulia. Wachungulie tu.

Mjomba bado sijampigia. Kila nikishika simu sijui nitaanza na lipi.

Nilichojifunza nakisema bila kupaka mafuta. Ofisi inayokuita familia na haikupi mkataba, hiyo imepata houseboy mwenye degree. Kama unajitolea, weka kikomo, na omba barua inayoeleza unafanya nini ungali bado unachemsha chai yao. Na ukiingia kwenye interview, hata anayekuuliza awe mama yako mzazi, jieleze kama mgeni. Heshima ya kunyamaza peleka msibani. Pale mezani wanaandika unachosema, na usiposema wanaandika sifuri, halafu wanakuomba uwapelekee mshindi field.

Na nyie mabosi wa familia mliomo humu, najua mmo. Jitokezeni mjitetee, leo nina muda wa kutosha.

Wengine mliowahi kufundisha kazi mtu aliyechukua nafasi yenu, uwanja ni wenu. Na mwenye busara za kunisaidia, aniambie: mjomba namwendea kwa maneno gani?